Isale Kwenye Meli ya Kusini

Jamani, mdogo wangu Ildefonce ni mguu na njia. Mimi ni dada yake, nauza mitumba Bomang'ombe, na nimemlea mwenyewe, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Hajawahi kumaliza chai akiwa amekaa. Akiwa nyumbani Kibosho anawaza mlima. Akiwa mlimani, kwenye kazi yake ya kuongoza watalii, anawaza kuna nini upande wa pili. Ukimwambia atulie, anakucheka huku ameshasimama mlangoni.

Mwaka tisini na saba mtalii mmoja, mama wa makamo, alizidiwa kule Kibo. Ildefonce akamteremsha mgongoni. Kumbe yule mama kazi yake ni kuchunguza ndege kwenye visiwa vya kusini kabisa mwa dunia, huko kusikoishi mtu, baridi na upepo tu. Kwa shukrani akamwambia: mwakani twende wote, nauli juu yangu. Weee! Ildefonce hakushikika tena. Chakula hakipiti. Kila mgeni aliyekuja kwetu alisimuliwa habari za pengwini na sili wakubwa wanaolala ufukweni.

Tatizo lilikuwa baba. Mzee Wenseslaus nguvu zilishamwisha, bei ya kahawa imeanguka, na kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa. Kitinda mimba ni huyo huyo Ildefonce. Baba akasema mbele ya ukoo, "Ukienda huko, usihesabu una kwenu hapa." Ildefonce akaondoka bila kuaga. Nililia kwa hasira, wala sikujua nimkasirikie nani.

Siku ya safari nikamfuata KIA, uwanja wa ndege. Baba ndiye aliyenituma, nimebeba jani la isale limefungwa fundo. Kwetu Uchaggani ukimkosea mtu unampelekea isale, akilipokea ugomvi umekwisha, na hakuna anayethubutu kulikataa. Lakini mzazi kumwomba mtoto radhi? Mimi sijawahi kuona. Ildefonce alilipokea kwa mikono miwili, machozi yakamtoka, akalitia kifuani ndani ya shati.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe. Baharini alitapika, na chumbani hakukalika, akawa anazungukazunguka melini mpaka mabaharia wakamchoka. Hatimaye kisiwa kikaonekana. Kabla ya kushuka, ukaguzi. Huko hawataki mbegu wala jani la kigeni liguse ardhi yao. Viatu vinapigwa brashi, mifuko inakung'utwa. Mkaguzi akalikuta isale. Akasema lichomwe ndipo ashuke. Kama hataki, lifungwe kwenye mfuko, naye abaki nalo melini, maana sheria yao hairuhusu liachwe bila mwenyewe kulilinda.

Lichomwe! Uchome radhi ya baba yako? Ildefonce akakataa. Yule mama akamsihi, "Ni jani tu." Akakataa. Wenzake wakashuka kwa boti ndogo, yeye akashinda akienda mbele na nyuma ya meli, darubini mkononi. Pengwini wamejaa ufukweni, kelele zao zinamfikia, hata harufu yao inamfikia. Visiwa vyote ikawa hivyo hivyo.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja Kibosho, nami nyuma yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Akalitoa isale, limekauka kabisa, akamwekea mzee magotini na kumweleza yote. Mimi nikadhani sasa atabarikiwa.

Baba akamtazama juu mpaka chini. "Hukushuka?"

"Sikushuka, baba. Ningelichomaje?"

"Mpumbavu wewe! Ukishalipokea, kazi yake si imekwisha? Masale si hayo hapo mpakani mwa kihamba yamejaa, mbuzi wanayakanyaga!"

Kicheko kilinijia, nikakimeza nilipomwona baba usoni. Alikuwa amenyong'onyea.

"Mimi nilikuwa nakusubiri," akasema, polepole. "Tangu uondoke najiuliza, udongo wa huko ukoje? Kwenye baridi ile kunaota nini? Sasa nimwulize nani?"

Ildefonce akainamisha kichwa.

"Kulikuwa na majani, baba," akasema. "Kwa mbali yalionekana ya kijani."