Mbwa Aliyeuacha Mti

Kama kuna mtu katika bonde letu la Buckeye aliyezaliwa kwa ajili ya mbwa, ni shemeji yangu Arvel Combs, na anayebisha aje tubishane uso kwa uso. Aliingia mgodini hajaota hata ndevu. Wakampa mashine ya kutoboa mwamba, akaishika mpaka mgodi ulipofungwa. Makaa ya mawe yalimwachia kikohozi na mgongo uliopinda kidogo. Watoto wake walikwenda Ohio kutafuta kazi za viwandani, kama watoto wa kila mtu huku. Alichobaki nacho ni dada yangu Lorene, shamba la mahindi la mteremkoni, na mbwa wa kuwinda rakuni, yule mnyama mwizi wa mahindi mwenye manyoya meusi machoni kama kitambaa.

Sisi huku hatumkimbilii mbwa msituni. Tunamwachia, tunasimama juu ya kilima, tunasikiliza. Akipata harufu analia kwa kuvuta sauti. Akishampandisha rakuni mtini sauti inageuka, anabweka kwa kukatakata bila kupumzika, na ni lazima akae palepale chini ya shina mpaka bwana wake afike na bunduki. Mbwa anayeuacha mti ni hasara tupu, maana ukifika rakuni keshashuka kaenda zake. Halafu kuna adabu moja ambayo hata mlevi huku haivunji. Mwenye mbwa ndiye anayetangaza. Yeye ndiye wa kwanza kusema, "Huyo wangu, kapandisha." Mwingine akifungua mdomo kabla yake, kamtemea mate usoni. Nimeona watu wazima wakirushiana ngumi kwa jambo hilo nje ya kanisa, Jumapili, na tai shingoni.

Na hakuna aliyewahi kubishana na masikio ya Arvel. Mbwa wa watu sita wangeweza kulia kwa pamoja ng'ambo ya kijito, yeye angesimama kajiinamia, kisha angekwambia yupi yuko mbele, yupi anadanganya, na yupi kaanza kuchoka. Watu walimfuata awaamulie ugomvi wao. Neno lake lilikuwa ndilo.

Kwa hiyo Rock alipoanza kuuacha mti, nani angemtilia shaka Arvel? Rock alikuwa dume la miaka mingi, mbwa aliyeheshimika. Wakati huo Arvel alikuwa keshaanza kuwinda peke yake, akisema mbwa wetu wanamfundisha wake tabia mbaya. Akirudi asubuhi, hadithi ni ileile: Rock kalia kidogo, kanyamaza, kisha karudi kumrukia miguuni kama mbwa wa kuchunga kuku. Mwisho wa majani kupukutika akampeleka nyuma ya ghala akampiga risasi. Msishangae. Kwetu mbwa mbovu humuuzii jirani, na wala humpi mwingine akufanyie kazi hiyo. Lorene alilia, nami nikamwambia aache utoto.

Akaja Fern, jike kijana mwenye madoadoa ya buluu na masikio marefu ya kufagia njia. Kwa kunusa, hajapata kutokea. Arvel alimpenda mpaka Lorene akaona wivu. Na Fern naye, Mungu wangu, akaanza mchezo uleule.

Arvel hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi. Alitundika ngozi ya rakuni kwenye tawi, akamfunga Fern kwa kamba kwenye shina, akakaa naye chini asubuhi nzima akimsifu na kumpa vipande vya mkate wa mahindi. Nilikwenda kutazama. Mbwa alibweka mpaka tawi likatikisika, macho juu, miguu ya mbele kwenye gome.

"Mbona huyu yuko sawasawa?" nikasema.

"Nikiwa naye yuko sawasawa," Arvel akanijibu, macho usoni kwangu. "Nikimwacha peke yake, kimya. Halafu huyo anakuja. Sijui ana shetani gani."

Dukani kwa Hobert Sizemore, ambako wanaume hukaa barazani kutema tumbaku na kusema watu, Fern akawa ndiyo habari.

"Arvel," Hobert akamwita siku moja, huku kainamia kreti la soda, "huyo si mbwa, huyo ni mke. Usipofika kwa wakati anakuja kukutafuta!"

Baraza zima likacheka. Arvel akatingisha kichwa polepole akasema, "Ndiyo, mwaka huu yamekauka mapema."

Tukacheka zaidi. Tulidhani anakwepa aibu kwa kuleta habari za mahindi. Mimi mwenyewe nilijipiga paja. Siku hizo alikuwa amekuwa mtu wa namna hiyo, anaongea sana, hakupi nafasi, na ukimuuliza jambo anakujibu lingine. Tulisema uzee unamletea majivuno.

Lorene ndiye aliyekuwa na hasira hasa. "Kaka, mume wangu hanithamini tena," aliniambia akikatakata maharage ya kijani kwenye beseni. "Namwita aje kula, namwita tena, amekaa pale ananipa mgongo kama mimi ni upepo. Nikimwambia mwache yule mbwa, usimuue kama Rock, anaitikia tu 'hm'. Sikio la kufa halisikii dawa!"

"Mpelekee chakula palepale alipokaa," nikamwambia.

"Nitampelekea sufuria kichwani," akasema, na sikuwa na hakika kama anatania.

Basi Arvel akaja kwangu. Alisema anampa Fern nafasi ya mwisho, na kwa kuwa watu wamekwisha kuanza kunong'ona kwamba anaua mbwa ovyo, anataka shahidi. "Njoo uone kwa macho yako, shemeji. Akikaa mtini, nitamzika mwenyewe akifa kwa uzee. Akiuacha, basi." Macho yalikuwa mekundu.

Tulipanda kilima alfajiri, saa ambazo rakuni wanarudi kulala. Barafu nyembamba ilikuwa juu ya majani. Arvel akamfungua Fern kamba, akamnong'oneza kitu sikioni, na mbwa akateleza chini kwenye misonobari. Tukasimama. Arvel akajiinamia vilevile kama siku zote, kofia mkononi.

Haikupita muda Fern akalia. Sauti ndefu, safi, ikipanda bonde lile. Nikamtazama Arvel nikitabasamu. Yeye alikuwa anatazama majani.

Nikasema moyoni, anasubiri ahakikishe. Huyu ni fundi.

Sauti ikageuka. Kata, kata, kata. Mtoto mdogo angejua kwamba rakuni yuko juu ya mti, na mbwa yuko chini yake, na wala si mbali, pale chini tu penye mikuyu. Nikauma ulimi. Mbwa si wangu. Nikangoja Arvel atangaze. Fern akabweka. Arvel akapangusa pua kwa mgongo wa mkono. Fern akaendelea kubweka, na jua likaanza kugusa kilele cha upande wa pili.

Arvel akageuka kwangu. Uso wake ulikuwa na huzuni kabisa.

"Kimya," akasema. "Umeona, shemeji? Kimya kama kaburi."

Ala! Nilidhani ni utani. Nikamsubiri acheke. Hakucheka. Nyuma yake Fern alikuwa anabweka kana kwamba nyumba inaungua, na mtu mwenye masikio makali kuliko wote katika bonde hili alikuwa ananitazama akisubiri nimwonee huruma.

Akanipa mgongo tena. Nikasema nyuma yake, kwa sauti ya kawaida, "Arvel, koti lako linaungua."

Hakutikisika.

Nikapaza. "Arvel! Dubu huyo nyuma yako!"

Ndege waliruka mtini. Arvel akasimama vilevile, kajiinamia, anasikiliza. Haki ya Mungu! Nikaona kila kitu kwa mara moja, Hobert na mahindi, Lorene na beseni lake, mashine ya kutoboa mwamba ikimngurumia miaka yote ile chini ya ardhi, nasi wapumbavu tukimcheka barazani. Mtu alikuwa anazama mbele ya macho yetu, na sisi tunasema ana majivuno.

Wakati nimeduwaa hivyo, kule chini Fern akanyamaza. Nikasikia majani yakipasuka. Akatokea kwenye misonobari anahema, ulimi nje, akamwendea Arvel moja kwa moja, akauma pindo la mkono wa koti lake, akavuta. Akaachia, akakimbia hatua chache kurudi chini, akageuka kumtazama, akarudi, akavuta tena.

"Basi," Arvel akasema. "Umeshuhudia. Kauacha." Akamfunga kamba kwenye mti mdogo. Alikuwa analia. Akavuta komeo la bunduki.

"Usifanye!" nikapiga kelele. Kumpigia kelele! Nilikuwa nimeshajua na bado nikampigia kelele, mpumbavu mimi. Akainua bunduki. Nikamrukia kama ndama aliyekata kamba, tukaanguka wote wawili, risasi ikaenda mbinguni.

"Una wazimu wewe Denzil?" akafoka.

Nikamkalia kifuani. Nikamshika uso kwa mikono miwili nikaugeuza kwangu, nikasema taratibu, midomo wazi. "Arvel. Kabweka. Tangu alipoteremka. Kabweka mpaka sauti imemkauka."

Aliutazama mdomo wangu.

"Mwongo."

"Mimi nimemsikia. Wewe hukumsikia."

"Mwongo wewe! Mimi simsikii mbwa? Mimi, Arvel Combs?" Akanisukuma, akanipiga ngumi ya shavu, na sikumrudishia, na wanaonijua mimi wanajua hilo lina maana gani. Nilisimama tu nikamfungua Fern.

Mbwa alishuka mbio. Nikamvuta Arvel kwa pindo lilelile, naye akaja, anatukana, anajikwaa kwenye mawe. Kwenye mkuyu mkubwa penye kijito Fern alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, makucha yamekwisha kuchuna gome. Amelichuna pote, gome jeupe, vipande vyake vibichi vimetapakaa chini. Juu, kwenye panda ya tawi, rakuni mnene alikuwa amekaa anatutazama na kitambaa chake machoni. Mbwa alikuwa amefanya kazi yake yote.

Arvel alitazama gome. Akatazama juu. Kisha akamtazama Fern, kinywa chake kikifunguka na kufumba, kikifunguka na kufumba, mate yakiruka. Akapiga magoti kwenye matope. Akaweka kiganja chake kwenye mbavu za mbwa. Nikaona mkono wote ukitetemeka kwa kila mbweko, mpaka begani.

Sikujua mtu anaweza kubadilika uso kiasi kile bila kupigwa.

"Ni kubwa?" akauliza bila kugeuka. "Sauti yake?"

Nikainama mbele yake ili anione. "Kubwa. Inasikika mpaka kwa Hobert."

Akatingisha kichwa.

"Kwa hiyo Rock," akasema. "Rock alikuwa anakuja kuniita."

Ningetoa mkono wangu mmoja niwe na uongo wa kumpa saa ile. Sikuwa nao. Nikaitikia kwa kichwa. Akaniangalia, akanipa bunduki, kitako kikiwa upande wangu, akageuza uso wake kwenye shingo ya Fern. Mbwa hakuacha kubweka. Alibweka juu ya kichwa cha Arvel, macho kwa rakuni, kama alivyofundishwa.

"Twende nyumbani, shemeji," nikasema. "Lorene keshapika."

Hakunijibu, na safari hii nilijua kwa nini. Nikazunguka, nikakaa kwenye matope upande wa pili ambapo angeniona akiinua macho, nikangoja.