Feni ya gari ya Mama Oda

Jumapili. Mvua ilinyesha asubuhi, halafu joto likarudi.

Leo nimeona gari ya zamani, vioo vyote vimefungwa, feni inavuma ndani, nikamkumbuka jirani yetu Mama Oda. Sijui kama nakumbuka yote sawasawa. Nilikuwa mtoto, na ilikuwa wakati wa vita.

Mama Oda alitaka kwenda Ruziba, pembeni ya mji, kumchukua mama yake mzee, warudi kulala kwetu. Lakini feni ya gari yake ilikataa kuwaka, na baba yangu, fundi wa magari mtaani kwetu Buyenzi, alilala chali chini ya dashibodi. Kulinuka plastiki iliyoungua.

"Si ufungue vioo tu?" nilimuuliza Mama Oda.

"Apana, we mutoto! Upepo utaharibu nywele yangu, na nimetoka kusuka sasa hivi."

Nilicheka. Baba hakucheka, nikadhani amechoka. Sikujua kwamba kwenye barabara ya Ruziba watu walikuwa wanatupa grenedi ndani ya magari yenye vioo wazi.

Baba alikwangua swichi, akaunga waya, feni ikavuma. "Kwenye swichi usipite namba mbili," alimwambia Mama Oda, "itaungua tena."

Kesho yake baba aliikuta gari njiani, tupu, vioo vimevunjwa. Swichi ilikuwa bado kwenye mbili. Mama Oda hakuonekana tena. Nani alifanya, sijui, na siwezi kumsingizia mtu.

Lakini jioni ile alipoondoka, tulikuwa hatujajua. Tulikula wali na ndagala, dagaa wa ziwani, na mama akafunika sahani mbili, ya Mama Oda na ya mama yake.