Pampu Iliyoacha Kulia

Asteria alizaliwa Chome, milimani, ambako maji hushuka yenyewe mashambani. Pampu alizijulia Same mjini, kwenye karakana ya mumewe. Mumewe alipofariki, alimwita Aminieli, mtoto wa baba yake mkubwa, wafanye kazi pamoja.

Wakulima wa vitunguu waliwaletea pampu zilizoharibika kwa namna moja. Impela, ile feni ya chuma inayosukuma maji, ilikuwa imeliwa mapanga yake kama imetafunwa na panya. Watu walisema ni mchanga. Lakini hata zilizovuta maji safi ya kisima ziliisha hivyo hivyo, na zikiwashwa zililia kama zinasaga kokoto.

"Tutajuaje, na ndani hatuoni?" Aminieli aliuliza.

"Basi tupafanye paonekane."

Asteria akavua kifuniko cha chuma, akafunga cha plastiki nene inayopitisha mwanga. Aminieli akarekodi kwa simu, kisha wakaitazama video ikienda polepole. Maji yalifika kwa upande, yakagonga ncha za mapanga na kuachana nazo. Nyuma ya mapanga vikatokea viputo vingi vidogo, vikapasukia kwenye chuma; hivyo ndivyo vilivyokuwa vikikila.

"Maji yanataka kupokelewa," Asteria alisema. "Sisi tunayapiga."

Akachonga kielelezo cha mbao, ncha za mapanga zikiwa zimepinda kuelekea maji yanakotoka. Akakitumia kama umbo la kusubia impela, akamimina alumini iliyoyeyushwa, wakajaribu, akachonga tena. Msimu mzima ukaisha hivyo. Siku pampu ilipozunguka bila kulia, walikaa chini wote wawili wakacheka.

Kisha mama yake akaugua, Asteria akapanda Chome kumuuguza. Huko ndiko dada yake, Eliaichi, alikomwonyesha video kwenye simu. Aminieli amesimama kwenye maonyesho ya kilimo na ile pampu. "Maji yanataka kupokelewa," alikuwa akisema. Mtangazaji akamuuliza alisaidiwa na nani.

"Nilikuwa peke yangu."

Mama akainua kichwa kitandani. "Huyo si Aminieli wetu? Mungu ambariki."

"Ndiye, mama," Asteria alijibu, akatoka nje.

Mama alipopata nafuu, Asteria alishuka Same. Alimkuta Aminieli akifungasha vifaa. Kiwanda kimoja Moshi kilikuwa kimemwita.

"Kaka, ulikuwa peke yako?"

"Walitaka mtu mmoja wa kuzungumza naye. Ningekutaja wewe, wangedhani utani. Nimeilinda kazi yetu."

"Kielelezo changu kiko wapi?"

Aminieli aliendelea kufunga begi. Kilikuwa kimeshatangulia Moshi.

Asteria aliwaeleza wazee wa ukoo. Wakamsikiliza, wakamwambia asivunje undugu kwa sababu ya chuma. Hilo lilimuumiza karibu sawa na lile la kwanza.

Mwaka uliofuata mkulima alileta pampu mpya, injini yake imekufa. Asteria alipoifungua akakuta mapanga yale yale aliyoyapinda, pamoja na kosa lile lile la tupa lililokuwa kwenye panga moja la kielelezo chake. Alilipitishia kidole muda mrefu.

"Ni nzuri hii, mama," mkulima alisema. "Haipigi kelele kabisa."

"Ni nzuri," Asteria alisema, akairudishia kifuniko.

Krismasi hiyo ukoo ulikutana Chome. Aminieli alikuja na mkewe, akamsalimia mbele ya watu wote. Asteria aliitikia salamu, akabeba sahani yake akaenda kula jikoni na Eliaichi. Hakuna aliyemfuata kumwita.