Kiti cha Jirani Yake Angani

Dereva wa basi la masafa marefu, ambaye abiria walimwita Breki kwa jinsi alivyoogopa mwendo wa kasi, alikuwa na mke fundi wa vyerehani vya kiwandani. Kila mkewe alipotaka kwenda mji wa pili, alikaa kiti cha nyuma ya dereva, wakapiga soga mchana kutwa mpaka waingie stendi.

Kisha kiwanda kikafungua tawi kule, na fundi akakatiwa tiketi ya ndege pamoja na msimamizi wake.

"Chini ya saa moja tu, baba watoto," alisema mkewe akikunja ovaroli.

"Na huyo msimamizi anakaa wapi?"

"Kwenye kiti. Ulitaka akae kwenye bawa?"

Breki alicheka, ila kicheko hakikufika tumboni.

Siku yenyewe aliondoka alfajiri na basi lake, mkewe akiwa bado kitandani. Aliposimamisha basi katikati ya safari ili abiria wale, simu ikaita.

"Nimeshafika zamani," mkewe alisema. "Nimeshakula pia."

Nyuma ya sauti yake mwanamume akacheka. Kicheko kinene, cha mtu aliyeshiba.

Wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Breki aliushiriki nusu ya safari iliyobaki. Kila mlima aliupanda na kicheko kile. Kilichomuuma si umbali; umbali aliuzoea. Kilichomuuma ni kwamba njia aliyoitolea jasho miaka yote, mtu mwingine alimvusha mkewe kabla chai haijapoa. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, abiria walimwomba apunguze mwendo.

Alipofika hakupumzika. Alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya wageni, shati limemganda mgongoni. Akawakuta mapokezi, mkewe na msimamizi, mzee wa makamo mwenye kitambi. Msimamizi alikuwa amefungwa bendeji mkononi.

"Afadhali umekuja, shemeji," mzee alisema, akauinua ule mkono. "Mkeo ana kucha!"

Mkewe akainama. "Ndege ilipotikisika niliona kaburi. Nikashika cha karibu."

"Cha karibu ndio mkono wa mtu?" Breki akauliza.

"Sikuuchagua! Na huyu ananicheka tangu tulipotua. Mimi kesho narudi na wewe, hata tukifika usiku."

Moyo wa Breki ukashuka mahali pake. Akampa mzee pole, akamshukuru kwa kumvumilia mkewe, akasema maneno yote ya kiungwana. Kesho yake fundi alikaa kiti chake cha zamani, akalala usingizi wa mtoto kabla hawajatoka mjini.

Alipoamka, akamkuta Breki anamtazama kwenye kioo cha ndani.

"Tazama barabara, bwana."

"Naitazama." Akabadilisha gia. "Hivi, ulimshika mkono ule wa dirishani au wa huku kwako?"

"Mume wangu!"

Abiria wa mbele wakaangua kicheko. Breki naye akacheka, lakini tangu siku hiyo mkewe akisafiri naye, kiti cha ubavuni mwa mkewe hukalishwa bibi kizee, na bibi kizee asipopatikana, hukaa begi la dereva.