Mgongo wa Shangazi na Wajuzi Wake

Shangazi yangu aliuza mchele soko la Kanyenye, Tabora, kwa miaka mingi, na kama kulikuwa na kitu alichojivunia kuliko mchele wake, ni mgongo wake. Alitembea kifua mbele, shingo juu, kanga imekazwa kiunoni. Mwanamke yeyote aliyejikunja mbele yake aliambiwa papo hapo, "Nyooka, hujawa bibi bado." Alikuwa mjane, hana mtoto. Mimi, binti wa kaka yake, niliishi naye mtaa wa Cheyo tangu nilipoanza kazi ya ualimu.

Mgongo huohuo ndio ulioanza kumuuma, katikati, chini kidogo ya mabega. Mwanzoni alidhani ni magunia. Akaacha kuinua magunia, maumivu yakabaki palepale. Jioni alishikwa na homa ndogo, usiku shuka lililowa jasho, na magauni yakaanza kumpwaya. Kisha siku moja, nikimsugua mgongo bafuni, kiganja changu kikapanda juu ya kitu. Mfupa ulikuwa umechomoza chini ya ngozi, mdogo, mkali kama ncha ya kiwiko. Nikamwambia.

"Sugua tu," akasema.

Baada ya miezi michache hakuna aliyehitaji kugusa ili ajue. Shangazi alikuwa na kibiongo, na wajuzi wakaanza kubisha hodi. Miji mingine siijui, lakini kwetu mtu akiumwa jino watu humpa pole. Akiinama mgongo, kila mtu humpa sababu.

Wa kwanza alikuwa baba mkubwa, kaka mkubwa wa shangazi na baba yangu, mstaafu ambaye kazi pekee iliyombakia duniani ni kufafanua mambo. Aliketi kwenye kiti chenye mto, akaagiza chai, akatoa hukumu.

"Hii ni damu. Babu yetu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani. Mzigo ule haukuishia mgongoni kwake."

"Mbona wewe huna kibiongo, baba mkubwa?" nikamuuliza.

"Mimi umeniruka."

Hapo alisema kweli. Kila mzigo ulimruka mtu yule. Sijawahi kumwona akibeba hata kiti chake mwenyewe kutoka sebuleni kwenda barazani. Lakini Tabora tumezoea kuegemea njia ya misafara kama mlevi anavyoegemea ukuta. Wapagazi wale walivuka nyika na mizigo ambayo wajukuu wao hawawezi kuiinua kutoka sakafuni, nasi tunawalipa kwa kuwasingizia kila tusichotaka kukipeleka hospitali.

Wakaja wanakwaya wenzake shangazi wa kanisani. Walisali kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, wakamaliza maandazi, na walipokuwa wakivaa viatu nikamsikia mmoja akinong'ona, "Alijivuna mno na ule mgongo." Mwenzake akaitikia kwa kichwa, ametulia, kana kwamba Mungu alikuwa amemwonyesha faili.

Kisha akaja muuza mikanda ya mgongo, aliyezunguka Kanyenye na spika begani. Alivaa koti jeupe, ukilitazama vizuri kifuani lina nembo ya bucha. "Mama, mgongo wako umekosa nidhamu," alimwambia. "Mkanda huu una sumaku, unaurudisha kwenye mstari." Shangazi, mpenda nidhamu, akaununua. Ulimchubua kwapa na kumwachia malengelenge. Mgongo wenyewe haukusikia lolote.

Nilimsihi twende hospitali. Baba mkubwa akakataa kwa niaba yake. "Hospitali watamkata tu," alisema. Yeye alikuwa na mtu wake Igunga, mganga wa viungo karibu na stendi, aliyesifika kwa kunyoosha watu. Shangazi alikuwa akienda Igunga kufuata mchele, kwa hiyo safari hiyo akapitia kwake. Nilikuwa naye. Mganga alimlaza kifudifudi juu ya mkeka, akampaka mafuta, akapiga goti juu ya ule mfupa na kuusukuma kwa uzito wake wote. Shangazi, mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akilia hata msibani, alipiga yowe. Wauza karanga nje wakanyamaza.

"Sasa umesikia ukiingia?" mganga akauliza, anatabasamu.

Hakuna kilichoingia. Tuliporudi nyumbani, miguu ikaanza kuwa mizito. Baba mkubwa akasema ni dawa inafanya kazi. Kisha asubuhi moja shangazi akatoka kwenda uani, kandambili ikamvuka mlangoni, naye akaendelea kutembea na mguu mmoja mtupu juu ya kokoto bila kujua. Nilimwita. Akatazama chini, akautazama ule mguu kama wa mtu mwingine.

"Nitafutie gari," akasema.

Baba mkubwa alitufuata hospitali, eti amweleze daktari historia. Daktari alikuwa mama wa makamo. Alimsikiliza mpaka kwenye pembe za ndovu, kisha akamgeukia mgonjwa. Alimuuliza habari za homa za jioni, jasho, kukonda, na shangazi akamweleza mpaka goti la mganga.

"Umewahi kuishi na mtu mwenye kifua kikuu?"

Shangazi akafikiri. "Marehemu mume wangu alikohoa muda mrefu kabla hajaenda. Hakuna aliyetuambia ni nini."

Picha ikapigwa, na vipimo vingine vikafanyika katika hospitali kubwa zaidi nje ya mkoa. Ilikuwa TB ya uti wa mgongo.

"Lakini hata hakohoi!" baba mkubwa akalalamika, kana kwamba ametapeliwa.

"Si lazima akohoe," daktari akajibu. "Vidudu vimepita kwenye damu, vikakaa mgongoni. Vinakula pingili upande wa mbele, mbele panaporomoka, nyuma panachomoza. Na usaha unaubana mshipa wa fahamu, ndiyo maana miguu inakufa ganzi." Akaeleza kwamba vibiongo si vya namna moja. Wapo wazee ambao mifupa yao huwa myepesi ikabonyea, wapo vijana ambao pingili hukua kama kabari, wapo wanaozaliwa hivyo. "Kila kimoja kina tiba yake. Kuna wa mazoezi, kuna wa mkanda maalumu, kuna wa upasuaji, huyu ni wa dawa. Kupigwa goti si tiba ya hata kimoja."

Upasuaji ulijadiliwa. Madaktari wakaona miguu bado ina nguvu, dawa zianze kwanza, na kama itazidi kulegea watampasua. Haikuzidi. Alimeza vidonge kila siku, miezi mingi, huku mkojo ukitoka rangi ya chungwa kwa dawa hizo na yeye akiutukana. Alivaa mkanda mgumu aliopimiwa hospitali. Ganzi ikaondoka polepole, homa ikakoma, shavu likarudi.

Wageni ndio hawakurudi. Wale wanakwaya waliokuja kumaliza maandazi sasa walitusalimia kutoka barabarani. Aliyethubutu kuingia alikuja na kikombe chake mkobani. Nilieleza mpaka nikachoka kwamba TB iliyo mgongoni tu haimrukii mtu kupitia chai. Baba mkubwa alileta kiti, mara yake ya kwanza kubeba kiti maishani, akakiweka nje ya dirisha na kuongea nasi kupitia wavu.

Dawa zilipokwisha, shangazi alimuuliza daktari swali alilokuwa amelificha muda wote.

"Na huu mgongo, utanyooka lini?"

"Dawa imeua vidudu, mama. Mfupa ulioliwa haurudi. Ungekuja mapema, ungeinama kidogo tu."

Shangazi akaaga. Kwenye bajaji akajifunika uso kwa kanga, nami nikatazama nje. Siku ile niliwachukia wote: wa damu, wa dhambi, wa sumaku na wa goti. Sijaacha.

Wiki iliyofuata alirudi sokoni, kisha akaenda kwa fundi cherehani kupima gauni la harusi ya jirani. Fundi alimzunguka na futi yake, akaona pindo litapanda nyuma, akashusha sauti kwa huruma.

"Nikuwekee mtandio mpana, mama? Tufiche kidogo."

"Nifiche nini?" shangazi akasema. "Ongeza kitambaa nyuma, pindo likae sawa. Na usinipunje mikono."