Uwanja Uliorudi Kuwa Chai

Ukitoka Kimulot ukafuata barabara ya udongo wa murram kuelekea upande wa msitu, utafika mahali chai inapobadilika rangi. Juu na chini ni kijani cha kawaida, lakini pale begani mwa mlima, ardhi inapolala sawa, kuna kipande kizito, karibu cheusi, chenye majani mapana kuliko yote. Nilipita hapo mwaka huu baada ya miaka mingi ya kuzunguka, mara utingo wa lori kule Soin, mara mbeba magunia soko la Merigi. Mama mmoja aliyekuwa akichuma aliniona nimesimama tu.

"Unatafuta mtu?"

"Hapana, mama. Natafuta uwanja."

"Uwanja gani? Hapa ni chai tangu niolewe." Akacheka, akatupa majani kwenye kikapu mgongoni. "Lakini hii ya hapa inachumika, wewe! Kikapu kinajaa kabla sijachoka. Sijui walitia nini."

Mimi najua walitia nini. Walitia samadi na jivu, utoto wangu wote, na hakuna hata mmoja aliyetia kwa ajili ya chai.

Kwetu ni miteremko mitupu. Mpira ukiupiga vibaya unashuka hadi mtoni, na nusu ya mchezo wetu ilikuwa kuufukuza kwenye matope. Kwa hiyo tulicheza barabarani, na lori la majani likipiga honi tulitawanyika kama kuku. Siku moja dereva alifunga breki na magurudumu yakasimama juu ya goli letu, yaani juu ya sweta mbili. Nyanya yangu aliona kutoka mlangoni kwake. Hakupiga kelele. Jumapili baada ya kanisa aliwaita majirani ambao mashamba yao yalikutana na lake pale begani, akawaambia kwamba yeye anang'oa mistari yake ya chai iliyo kwenye sehemu tambarare. Wao wafikirie yao.

Wewe unayekunywa chai tu pengine huoni uzito wa jambo hilo. Chai haing'olewi hivi hivi. Ndiyo karo, ndiyo unga, ndiyo bonasi ya mwisho wa mwaka. Watu wa kwetu wangeuza ng'ombe kabla ya kugusa kichaka kimoja. "Chai inakula miguu yetu wiki nzima," nyanya alisema. "Jumapili ikae kando kidogo, watoto wapite." Waliona haya kumwacha peke yake. Kila mmoja alitoa mistari yake, kwa mdomo, wakiwa wameshika vikombe.

Mizizi ya chai inashuka chini kama imefungwa huko. Watu wa mashamba peke yao wasingeiweza. Ndipo wakaja wafanyakazi kutoka nyumba za kampuni ya chai, watu wa ziwani na watu wa milima ya Kisii, na majembe yao ya meno, kila Jumapili, bila malipo. Nyanya aliwapikia ugali na mboga za managu, akawamiminia mursik kutoka kwenye kibuyu, yale maziwa yetu ya mgando yenye mkaa. Mchoma kuni wa boila ya kiwanda, mtu wa ziwani, alionja, akakunja uso, akamwita nyanya kwa lugha yetu.

"Kogo, hii maziwa imeungua ama imekasirika?"

Nyanya alicheka hadi akakaa chini. Mchoma kuni akaomba kikombe cha pili, na tangu siku hiyo hakukosa. Alipotoka likizo kwao alirudi na nyavu kuukuu za samaki, akazishona jioni nyingi, akazifunga kwenye nguzo za blugamu. Magoli yetu yalinuka ziwa. Kipa akifungwa, akina mama wa kando walimwimbia, "Hata omena anakupita!" yaani yule dagaa mdogo wa ziwani.

Mwalimu wetu wa shule ya msingi ndiye aliyeweka sheria, na ilikuwa moja tu: hakuna kuingia uwanjani mikono mitupu. Ulikuja na kipande cha nyasi chenye mizizi, au mkebe wa jivu, au samadi kwenye gunia, ukaweka pale miguu ilipochubua ardhi. Timu za wageni zilitucheka. "Tumekuja kucheza ama kupanda viazi?" Lakini waliinama, wakapanda. Aliyeshindwa alijaza shimo la mbele ya goli kabla ya kwenda nyumbani. Asubuhi za Jumapili niliamshwa na panga zikikata nyasi, na alasiri mlima mzima ulikuwa pale, wazee kwenye ukingo, wasichana wakiruka kamba nyuma ya goli, mahindi yakichomwa. Hakuna aliyekuwa mwenye uwanja. Nilidhani nchi yote iko hivyo.

Nyanya alipofariki mimi nilikuwa nimeshatoka shule kabla ya kumaliza. Shamba lilibaki kwa baba mdogo, kitinda mimba wake. Bei ya majani ilikuwa nzuri msimu ule. Asubuhi moja tulikuta miche ya chai imepangwa katikati ya uwanja, na baba mdogo amesimama karibu nayo na kamba ya kupimia mistari. Mwalimu alikuja mbio, kaptula yake ya michezo bado mwilini.

"Mama yako alitoa hii ardhi."

"Alitoa akiwa hai. Mwalimu, mpira unaliwa?"

Mchoma kuni aliongea polepole. "Ndugu yangu, acha hata upande mmoja. Watoto watachezea wapi?"

"Wewe ulikuja hapa na basi," baba mdogo akasema. "Panda basi, ukacheze kwenu."

Hakuna aliyemkemea. Hiyo ndiyo sehemu inayonichoma hadi leo. Tulikuwa wengi pale, na wote tulitazama chini. Mchoma kuni alienda golini, akafungua nyavu fundo kwa fundo, akazikunja vizuri, akaenda.

Majirani wengine hawakuwa wabaya. Walisema uwanja usio na upande mmoja si uwanja, kwa hiyo kwa nini mistari yao ilishe mbuzi wa watu? Msimu haukuisha kabla wote hawajapanda. Mjane mmoja tu, mwenye shamba dogo kuliko yote, alikataa. Kipande chake kilibaki nyasi kati ya chai, chembamba kama njia ya kwenda chooni, na alikuwa akikikata kwa panga kila Jumamosi. Watoto walikimbia pale kwenda na kurudi, kisha wakachoka. Mwishowe naye alipanda. Nani angemlaumu?

Nilipoachana na yule mama wa kikapu, nilienda kumsalimu baba mdogo. Amezeeka. Wajukuu walikuwa ndani na simu, na kijana wake mkubwa alikuwa amelipa kuingia kibanda cha runinga kutazama wazungu wakicheza mpira. Barabara ya chini ilikuwa imekatwa na mvua, gari la kukusanya majani halifiki.

"Niliita watu tuijaze mawe," baba mdogo akaniambia. "Wakaja wawili. Mmoja akauliza nani analipa." Akaniongezea chai. "Watu wa siku hizi hawana roho ya kujitolea. Zamani nyanya yako akiita, wanatoka hadi nyumba za kampuni."

Nilimtazama usoni nikitafuta aibu. Mimi huwa nauliza, hata pale nisipotakiwa.

"Na wewe uliwaita wa nyumba za kampuni?"

"Wale? Walienda. Siku hizi mashine inachuma."

Alisema hivyo kama mtu anayesema mvua imenyesha. Kibarazani majani ya asubuhi yalikuwa yameanza kupata joto na kugeuka hudhurungi ndani ya magunia. Akaniomba, kwa kuwa sina kazi, nimsaidie kuyafikisha kwenye lami. Nilibeba gunia moja, yeye akaburuta lingine, kwa sababu ni ndugu wa baba yangu. Tulipanda mlima wawili tu. Kila boma tulilopita, mtu alitoka mlangoni, akatutazama, akarudi ndani.