Nilisifu Nyumba Yenye Ufa

Aibu hii ni yangu mwenyewe, na afadhali niwasimulie mimi kabla hamjaisikia sokoni Mweiga, maana huko wanaongeza chumvi.

Nilimjengea mama nyumba ya mawe. Fundi alikuwa Kamau, mtu wa kanisa letu, kwa hivyo mkataba wa kuandikwa niliona ni kumtusi (ati mtu mnaimba naye kwaya halafu umwekee wakili!). Asubuhi ya kubarikiwa nyumba, nikipanga viti sebuleni, nikaona ufa umetoka dirishani hadi chini, kidole kinaingia. Wageni walikuwa wameshafika langoni. Nikatafuta kalenda, nikaufunika.

Pasta akaniita nitoe ushuhuda, na mimi nikipewa maiki huwa sijui kunyamaza (ualimu umeniharibu), nikamsimamisha Kamau, nikamvisha blanketi jipya la heshima mbele ya watu wote, nikasema, "Nyumba hii nimeikagua mwenyewe, haina kasoro hata moja!" Makofi! Vigelegele! Mpiga video akasogea karibu, nami kichwa kikavimba, nikatangaza kwamba mama hahitaji tena ile nyumba yake ya mbao, na kabla chai haijaisha wanaume wa kanisa walikuwa wameibomoa.

Mvua ikanyesha wiki nzima. Ukuta ukaanguka (mama alikuwa nje anakamua ng'ombe, namshukuru Mungu). Nikampeleka Kamau kwa chifu na hasira zangu zote, ati alijenga bila vyuma, ati simiti alibania. Hakubishana. Alitoa simu tu, akaweka ile video, na sauti yangu ikajaa ofisi: "Nimeikagua mwenyewe!" Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje.

Chifu akaniuliza, "Sasa mwalimu, tuamini wewe wa leo ama wewe wa blanketi?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Wakili niliyemwona Nyeri mjini alisema kesi inawezekana, ila bila mkataba, na video yenyewe ikiwa hivyo, nisitarajie mengi. Mama sasa yuko Giakanja kwa ndugu yangu, kwa stoo ya viazi. Jumapili nilienda kumwomba msamaha, nikamweleza habari ya ufa, kila kitu.

Akasema, "Wageni walikuja kula waende kwao. Mimi ndio nilikuwa nilale hapo."

Nimeapa sitajenga tena hata kibanda cha kuku bila karatasi na mtu wa kukipima, lakini akili hiyo imenijia wakati mama yangu analala katikati ya magunia.